Sentensi yenye maana mbili katika nyaraka za programu ni hitilafu: tujadili namna ya kuirekebisha

Mwanzisha uzi

Wakuu, salamu.

Hivi karibuni nilitumia siku mbili nikitafuta hitilafu katika msimbo wangu, na mwishowe nikaikuta mahali ambapo sikuwa nimefikiria kutazama, yaani katika sentensi ya maneno manne. Nyaraka za huduma niliyokuwa nikiiunganisha na mfumo wetu zilisema hivi: "Ombi hurudiwa mara tatu." Nilielewa kwamba seva yao hutuma ombi mara tatu kwa jumla, kisha huacha. Aliyeandika alikusudia kwamba ombi la kwanza likishindikana hutumwa tena mara tatu nyingine, kwa hiyo jumla yake ni mara nne. Upande wetu tulikuwa tumeweka ulinzi unaolihesabu ombi la nne lenye namba ileile kuwa ni uvamizi, na ulinzi huo ukaifungia huduma nzima. Msimbo wa pande zote mbili ulifanya kazi sawasawa na ulivyoandikwa, na bado mfumo ulisimama.

Nilipouliza niliambiwa nisome nyaraka. Nilikuwa nimezisoma, tena zaidi ya mara moja. Ndiyo maana nimefungua uzi huu, kwa sababu naamini tumezoea kumlaumu msomaji pale ambapo kosa ni la sentensi. Funksheni inayotoa majibu mawili tofauti kwa ingizo lilelile, bila sababu, tunaiita mbovu na tunaifungulia taarifa ya hitilafu. Sentensi inayotoa maana mbili kwa wasomaji wawili waliosoma kwa makini tunaiacha ilivyo, kisha tunamwambia mmoja wao kwamba hakuelewa.

Ninachopendekeza ni utaratibu ambao umenisaidia kila nilipoutumia. Ukikutana na sentensi inayokutatiza, usiishie kuandika kwamba haieleweki, kwa maana mwandishi wake anaielewa vizuri na hataona tatizo. Iandike upya mara mbili, kila mara kwa maana moja tu kati ya zile unazozishuku. Kisha utafute mfano mmoja ambao matokeo yake yatakuwa tofauti kulingana na maana ipi ni ya kweli. Nitauita mfano wa kutenganisha. Ukiukosa, huenda sentensi ni sawa na ni maneno tu yaliyokukwaza. Ukiupata, umeshika hitilafu mkononi, na mara nyingi mfano huohuo ndio unaopaswa kuingizwa kwenye nyaraka.

Nitoe mfano ninaoupenda kutoka lugha ya Python. Kuna mbinu ya lstrip ambayo huondoa herufi upande wa kushoto wa matini. Watu wengi husoma kwamba ukiipa "mtu_" itaondoa kiambishi hicho mwanzoni. Wakijaribu na "mtu_asha" wanapata "asha", wanaridhika, na msimbo unaingia kazini. Sasa jaribu "mtu_mtumishi". Matokeo si "mtumishi" bali ni "ishi", kwa sababu lstrip hailichukulii "mtu_" kama neno zima. Hulichukua kama mkusanyiko wa herufi m, t, u na mstari wa chini, na huendelea kuondoa kila herufi iliyomo katika mkusanyiko huo mpaka ikutane na isiyokuwemo. Neno "asha" haliwezi kuzitenganisha maana hizo mbili, ilhali "mtumishi" huzitenganisha papo hapo. Nyaraka rasmi za Python zinaeleza waziwazi kwamba hoja hiyo, yaani kile unachoipa lstrip, si kiambishi, na hata hivyo watu waliendelea kukosea kiasi kwamba toleo la 3.9 la mwaka 2020 liliongeza mbinu mbili mpya, removeprefix na removesuffix, zinazofanya kile ambacho wengi walidhani kinafanywa na zile za zamani. Napenda tuzingatie hilo: maelezo yalikuwa sahihi, lakini hayakutosha, kwa kuwa mfano wenye kuonesha tofauti huzama kwa msomaji haraka kuliko onyo.

Eneo la pili lenye matatizo mengi ni mipaka. Neno "hadi" limeshaharibu programu nyingi. Katika Python, randint ikipewa 1 na 10 huweza kutoa 10 yenyewe, lakini randrange ikipewa namba hizohizo haitoi 10 kamwe. Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, BETWEEN hujumuisha ncha zote mbili, jambo ambalo linaonekana rahisi mpaka uitumie kwenye safu yenye tarehe pamoja na saa: ukiomba kumbukumbu za kati ya 2024-01-01 na 2024-01-31, unapoteza karibu siku nzima ya mwisho, kwani tarehe ya pili husomwa kama usiku wa manane unaoianza siku hiyo. Anayeandika "kuanzia tarehe 1 hadi tarehe 31" anadhani ameeleza, kumbe ameacha swali wazi. Mimi siku hizi naandika "kuanzia 1 hadi 10, pamoja na 10 yenyewe" au "kabla ya tarehe 1 Februari", na sioni aibu kwamba sentensi imerefuka.

Halafu kuna majina yanayosema kinyume cha kazi yake. Katika HTTP, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kivinjari na seva, kichwa (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) kiitwacho Cache-Control kina agizo la no-cache, na yeyote anayelisoma kwa mara ya kwanza atalielewa kuwa ni katazo la kuhifadhi jibu. Sivyo. Linaruhusu jibu lihifadhiwe, ila lisitumike tena kabla ya kuiuliza seva kama bado linafaa. Agizo linalokataza kuhifadhi ni no-store. Mtu anayelinda ukurasa wenye taarifa za siri kwa no-cache peke yake anaamini kwamba nakala haikubaki popote, na hakuna kitakachomwonya kwamba imebaki. Mwandishi wa nyaraka hawezi kulibadilisha jina hilo, lakini anaweza kulikanusha palepale anapolitaja, katika sentensi ileile, badala ya kuliacha kanusho katika ukurasa mwingine.

Mwisho niwakumbushe kwamba wanaotunga viwango vya intaneti walilitambua tatizo hili zamani. Machi 1997 ulichapishwa waraka RFC 2119, ambao kazi yake yote ni kueleza maana ya maneno machache tu: MUST kwa jambo la lazima lisilo na mwanya, SHOULD kwa jambo linalotakiwa isipokuwa kama una sababu ya msingi na umepima madhara ya kuliacha, MAY kwa jambo la hiari kabisa, pamoja na wenzao wachache. Hata waraka huo ulihitaji kufafanuliwa. Watu waliuliza kama neno lilelile likiandikwa kwa herufi ndogo nalo lina uzito wa sheria, na Mei 2017 ikatoka RFC 8174 kueleza kwamba maana hizo maalumu zinahusu maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa peke yake. Ikiwa waraka wa kufafanua maneno ulihitaji kufafanuliwa baada ya miaka 20, hakuna sababu ya yeyote kati yetu kukasirika akiambiwa kwamba sentensi yake ina maana mbili.

Karibuni tujadili. Mwenye sentensi iliyomsumbua aiweke hapa.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa maelezo marefu, lakini nina shaka moja. Mimi ni mtu wa vitendo. Nikikutana na sentensi nisiyoielewa, naandika mistari mitano ya msimbo, naiendesha, na baada ya dakika moja nina jibu ambalo hakuna ubishi juu yake. Nyaraka zinaweza kudanganya, zinaweza kupitwa na wakati, lakini programu inapoendeshwa haidanganyi. Kwa nini nipoteze muda kuandika upya sentensi ya mtu mwingine mara mbili, kutafuta mfano na kufungua taarifa, wakati jibu tayari ninalo?

Mwanzisha uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na nusu yake naikubali, maana mfano wa kutenganisha hauna faida usipoendeshwa. Tatizo ni kwamba kuendesha msimbo kunakueleza programu inafanya nini leo, katika toleo hili, kwenye mashine hii. Hakukuelezi programu imeahidi kufanya nini.

Chukua kamusi za Python, yaani mikusanyiko inayounganisha kila ufunguo na thamani yake. Katika CPython 3.6 (CPython ndiyo programu kuu inayoendesha Python), iliyotoka Desemba 2016, kamusi zilianza kutunza mpangilio ule ambao vitu viliingizwa. Ungeendesha mistari yako mitano ungeuona mpangilio huo wazi kabisa. Lakini nyaraka za toleo hilo zilisema kwamba hiyo ilikuwa ni namna tu ya utekelezaji, na kwamba mtu asiitegemee. Ahadi yenyewe ilikuja na toleo la 3.7 mwaka 2018. Kati ya matoleo hayo mawili jaribio lako lingetoa matokeo yaleyale, ilhali maana yake ilikuwa tofauti kabisa, na tofauti hiyo ilikuwa kwenye maneno tu.

Mfano mwingine ni mchungu zaidi. Lugha ya C ina memcpy, inayonakili data kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine, na kiwango chake kinasema kwamba sehemu hizo zikiingiliana, tabia ya programu haijafafanuliwa. Anayetaka kunakili sehemu zinazoingiliana anapaswa kutumia memmove. Kwa miaka mingi walioikiuka kanuni hiyo hawakuona madhara, kwa kuwa unakili ulikwenda kutoka mwanzo hadi mwisho, na katika hali nyingi matokeo yalikuwa sahihi. Wangejaribu, mara nyingi wangepata jibu zuri. Mwaka 2010 glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, ikaleta memcpy mpya ambayo kwenye baadhi ya prosesa ilinakili kutoka mwisho kurudi mwanzo, na watumiaji wa Fedora 14, mojawapo ya mifumo ya Linux, wakaanza kusikia sauti zilizoharibika katika video za Flash. Jaribio halikuwadanganya waliojaribu. Walichokosa ni kujua kwamba tabia waliyoiona haikuwa imeahidiwa na mtu.

Kwa hiyo naomba tuendeshe msimbo na pia tudai sentensi. Ukiwa na jibu bila ahadi, una bahati tu kwa sasa.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze mifano miwili inayohusu majina, kwa sababu naona hapo ndipo maumivu yangu yalipo.

Wa kwanza ni hifadhidata ya PostgreSQL. Ina aina ya data inayoitwa timestamp with time zone, na mtu yeyote akisoma jina hilo ataamini kwamba kanda ya saa inahifadhiwa pamoja na wakati. Haihifadhiwi. Wakati unaoingizwa hubadilishwa kuwa wa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na unaposomwa huoneshwa kwa kanda iliyowekwa katika muunganisho wa anayesoma. Kanda ya awali imepotea na hakuna njia ya kuirudisha. Tulijenga ripoti nzima tukitegemea kwamba tungeweza kujua kila mteja alikuwa katika kanda gani alipobonyeza kitufe. Tulipogundua, ilitubidi tuongeze safu nyingine ya kuiandika kanda hiyo, na kumbukumbu zote za nyuma hazikuwa nayo. Mfano wa kutenganisha hapa ni mwepesi mno: ingiza wakati wenye +03:00, badilisha kanda ya muunganisho, kisha usome. Dakika moja ingetuokoa, lakini hatukuwa na sababu ya kulishuku jina.

Wa pili ni namba 401 ya HTTP, ambayo jina lake rasmi ni Unauthorized. Wengi tumeitafsiri kuwa "huna ruhusa". Ukweli ni kwamba inamaanisha ombi halikuja na utambulisho unaokubalika, yaani seva haijui wewe ni nani. Seva inapokuelewa na kukukatalia, namba yake ni 403. Hapa naona Kiswahili kinatusaidia kuliko jina la asili, maana sisi tunayo maneno mawili yasiyofanana hata kidogo: kutambuliwa na kuruhusiwa. Nikiandika kwamba 401 ni "hujatambuliwa" na 403 ni "hukuruhusiwa", hakuna anayezichanganya.

Swali langu ni hili: kama Kiswahili kinaweza kuwa wazi kiasi hicho, kwa nini nyaraka tunazoandika wenyewe kwa Kiswahili mara nyingi zinachanganya zaidi?

Mwanzisha uzi

Swali lako limenigusa, kwa sababu nimekuwa nikijiuliza hivyo kila ninapozisoma upya nyaraka nilizoandika mwenyewe. Sidhani kwamba lugha ina upungufu. Nadhani tunatumia maneno ya mazungumzo, ambayo msikilizaji huyasaidia kwa kutuangalia usoni na kutuuliza, katika mahali ambapo msomaji yuko peke yake na hana wa kumuuliza.

Neno linalotuponza kuliko yote ni "inaweza". Nikiandika "Seva inaweza kufuta faili baada ya siku 30", nimesema mambo matatu kwa pamoja. Huenda nimesema kwamba seva ina uwezo wa kufanya hivyo mtu akiiagiza. Huenda nimesema kwamba imeruhusiwa kufanya hivyo, kwa hiyo usilalamike ikifuta. Au nimesema kwamba kuna uwezekano jambo hilo likatokea, kwa hiyo ujiandae. Msomaji anayetegemea faili lake liwepo siku ya 31 anahitaji kujua ni lipi kati ya hayo. Ningeandika "Seva ina ruhusa ya kufuta faili wakati wowote baada ya siku 30, usitegemee kulikuta", au "Ukiiagiza, seva hufuta faili lenye umri wa zaidi ya siku 30". Ni sentensi mbili ambazo hakuna mtu atakayezidhania kuwa moja, lakini zote mbili tumezificha ndani ya "inaweza".

Kinyume chake, "haiwezi" na "huwezi", ni hatari zaidi. "Mtumiaji hawezi kuwa na akaunti mbili zenye barua pepe moja." Je, mfumo unazuia, yaani nikijaribu nitapewa kosa? Au ni sharti ambalo mimi mtayarishaji programu ninapaswa kulilinda, na nisipolilinda hakuna atakayenizuia mpaka data iharibike? Ule mkasa wa memcpy ni wa namna hiyohiyo kabisa. Katazo lilikuwepo, mlinzi hakuwepo, na wasomaji walidhani kwamba penye katazo pana mlinzi. Siku hizi kila ninapoandika katazo naongeza sentensi ya pili inayoeleza kitakachotokea likivunjwa: "Ukijaribu, mfumo hurudisha kosa 409", au "Mfumo haukagui jambo hili, ukilikiuka, kumbukumbu za akaunti zote mbili zitachanganyika." Sentensi hiyo ya pili mara nyingi ndiyo iliyokuwa ikihitajika tangu mwanzo.

"Si lazima" nalo tulitazame. Katika mazungumzo mtu anayekwambia "si lazima uje" huenda anakukataza kwa upole. Katika nyaraka liwe na maana moja tu, kwamba ukifanya na usipofanya yote ni sawa. Anayekusudia katazo aandike "usifanye".

Kiambishi -ki- kinahitaji uangalifu pia, ingawa sipendekezi tukiache, kwani ni cha lugha na hakina mbadala mzuri. Kinabeba sharti na kinabeba wakati. "Data huhifadhiwa programu ikifungwa." Je, inahifadhiwa wakati ule wa kufunga, au inahifadhiwa kwa sharti la kufungwa ipasavyo, kiasi kwamba umeme ukikatika hakuna kitu? Mwandishi huenda alikuwa na maana moja tu akilini, na wala hakuwahi kuifikiria ya pili. Hapo mfano wa kutenganisha ni kuiua programu ghafla na kutazama kilichobaki kwenye diski.

Mengine nayapitia haraka: "tupu" isitumike bila kusema ni tupu ya namna gani, namba ya muda isiandikwe bila kipimo chake, na "rudisha" itofautishwe kati ya kutoa thamani na kurejesha hali ya awali. Kuhusu muda, kumbukeni kwamba sleep ya Python huhesabu sekunde, ilhali setTimeout ya JavaScript huhesabu milisekunde, na hata hizo ni kiwango cha chini cha kusubiri, si ahadi ya wakati kamili.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma uzi wote na nimeamua kuileta sentensi yangu mwenyewe, niliyoiandika na kuiona nzuri mpaka leo asubuhi. Natunza maktaba ndogo ya Python inayosoma mafaili ya mipangilio. Kuhusu funksheni iitwayo soma_mipangilio nimeandika hivi:

"Funksheni hii inaweza kurudisha thamani tupu ikiwa faili halipo."

Baada ya maelezo yako kuhusu "inaweza" na "tupu" ninajua kwamba ina kasoro, lakini naomba unisaidie kuzifikia zote. Nakusudia kwamba kama hakuna faili la mipangilio, programu iendelee na mipangilio ya kawaida bila kulalamika.

Mwanzisha uzi

Dada, asante kwa kuwa wa kwanza kuleta sentensi yako, si ya mtu mwingine. Tuichambue kipande kwa kipande.

"Inaweza" inaniambia kwamba wakati mwingine hurudisha na wakati mwingine hairudishi. Kutokana na maelezo yako, naona ulikusudia kila mara, kwa hiyo "hurudisha" inatosha. "Thamani tupu" inanipa angalau uwezekano wa aina tatu: None (yaani hakuna thamani), matini isiyo na herufi, au kamusi isiyo na kitu. Mtumiaji atakayeandika msimbo wa kuomba ufunguo fulani ndani ya jibu atafaulu au ataangukia kosa kutegemea ni ipi.

Kipande kinachonisumbua zaidi ni "faili halipo". Ninaweza kukihesabia hali nne. Faili halijawahi kuwepo. Faili lipo lakini halina maandishi. Faili lipo lakini programu haina ruhusa ya kulisoma. Faili lipo, nalo linasomeka, lakini folda lilimo hairuhusu programu kuingia. Kwa mtumiaji wa kawaida, mbili za mwisho zinafanana na ya kwanza, ilhali kwa usalama wa mfumo ni tofauti kubwa, maana kuendelea na mipangilio ya kawaida wakati mipangilio halisi ipo lakini imezuiwa ni jambo ambalo mwenye mfumo angetaka kuambiwa.

Nakuomba uandike majaribio manne, moja kwa kila hali, na utuletee matokeo. Angalizo moja: usiyaendeshe ukiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwani ruhusa za mafaili hazimzuii, na hali mbili za mwisho zitaonekana kuwa salama wakati si salama.

Mchangiaji wa tatu

Nimerudi, na matokeo hayakuwa niliyoyatarajia.

Faili lisipokuwepo nilipata kamusi isiyo na kitu, kama nilivyokusudia. Faili lisilo na maandishi lilitoa vilevile. Faili nililoliondolea ruhusa ya kusomwa liliibua PermissionError, yaani kosa la kukosa ruhusa, jambo ambalo nimeona ni sawa, ingawa sikuwa nimeliandika popote. Lakini nilipoiondolea folda ruhusa ya kuingiwa, faili likiwa ndani yake salama, funksheni ilirudisha kamusi isiyo na kitu na programu ikaendelea kimya kwa mipangilio ya kawaida. Yaani hali mbili za kukosa ruhusa zilitoa matokeo yanayopingana.

Sababu nimeipata katika mstari wa kwanza wa funksheni yangu. Nilikuwa naanza kwa kuuliza os.path.exists, na nyaraka za Python zinaeleza kwamba kwenye baadhi ya mifumo funksheni hiyo hujibu False pale ruhusa inapokosekana, hata kama faili lipo. Kwa hiyo hata mimi nilikuwa nimelisoma jina lake nikaliamini. Nimeuondoa mstari huo. Sasa nalifungua faili moja kwa moja, nalipokea kosa la FileNotFoundError (la faili kutopatikana) peke yake, na makosa mengine yote nayaacha yamfikie aliyeiita funksheni.

Maelezo yangu mapya ni haya:

"Faili la mipangilio lisipokuwepo, funksheni hii hurudisha kamusi isiyo na kitu, yaani {}. Faili likiwepo lakini halina maandishi yoyote, hurudisha pia {}. Ikikosekana ruhusa ya kulisoma faili, au ya kuingia katika folda lilimo, funksheni huibua PermissionError na hairudishi chochote."

Majaribio yote manne nimeyaweka ndani ya maktaba, ili yeyote atakayeibadilisha tabia hii alazimike kuzibadilisha na sentensi hizo.

Nilipokuwa nikiyaandika nimegundua hali ya tano, ambayo hatukuihesabu. Mtumiaji akikosea na kutoa njia ya folda badala ya njia ya faili, kwenye Linux anapata IsADirectoryError, yaani kosa kwamba njia hiyo ni ya folda, lakini kwenye Windows anapata PermissionError ileile. Sentensi yangu ya tatu inamfanya msomaji wa Windows aanze kukagua ruhusa wakati alichokosea ni njia tu. Nitaigawa sehemu mbili kabla sijatoa toleo jipya.